Fimbo ya Mbali: Historia ya Kompyuta Mpakato Ndogo za Bei Nafuu katika Usimamizi wa Mifumo kutoka Mbali

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kompyuta mpakato ndogo na za bei nafuu zilivyogeuka kuwa zana ya wasimamizi wa mifumo ya kompyuta wanaofanya kazi wakiwa mbali na mitambo yao. Kipindi kinachoangaziwa kinaanzia mwaka 1983, ilipotoka TRS-80 Model 100, hadi mwaka 2024. Hoja kuu ni kwamba udogo na unafuu wa mashine hizo haukuwa chanzo cha usimamizi wa mbali. Ulikuwa tokeo la uamuzi wa kale wa kuiacha kazi yote kwenye seva na kumpa msimamizi maandishi peke yake. Makala yanaonesha pia kwamba katika Afrika Mashariki historia hii haitenganishiki na historia ya setilaiti, nyaya za baharini na swali la nani anashika funguo za mifumo ya umma. Mwisho, yanatoa mafunzo manne kwa watunga sera.

Istilahi za msingi: kompyuta mpakato, seva, usimamizi wa mifumo, itifaki, usimbaji fiche, TEHAMA

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa karne nyingi methali hii ilisadifu hali halisi: anayetaka kutenda jambo sharti awepo lilipo. Msimamizi wa mifumo ya kompyuta wa leo anaishi kinyume cha methali hiyo. Seva ya benki, ya chuo kikuu au ya mamlaka ya mapato inapokwama usiku wa manane, anayeiamsha mara nyingi hayumo katika chumba cha seva. Yumo nyumbani, safarini au katika nchi nyingine, na mashine aliyoipakata huenda ikawa hafifu mara nyingi kuliko seva anayoiamuru.

Maandishi mengi kuhusu kompyuta ndogo za bei nafuu katika bara la Afrika yamejikita katika elimu ya msingi na mgawanyo wa fursa za kidijiti. Huo ni upande muhimu, lakini si wote. Mashine zilizobuniwa kwa ajili ya watoto na wanaoanza kujifunza zilipokewa pia, karibu mara moja, na watu wa upande wa pili kabisa: mafundi wenye ujuzi mkubwa waliokuwa na jukumu la kuweka mitandao hai. Makala haya yanauliza maswali matatu. Kwanza, ni nini kilichofanya mashine dhaifu itoshe kwa kazi nzito? Pili, jambo hilo lilikuwa na maana gani katika eneo lililokuwa likiunganishwa na dunia kwa setilaiti? Tatu, serikali na taasisi zinajifunza nini kutokana na historia hiyo zinaponunua vifaa na kuajiri wataalamu?

2.0 Mizizi: Kazi Ibaki kwenye Mtambo, Maandishi Yasafiri

Usimamizi wa mbali ulitangulia kompyuta mpakato. Katika miaka ya 1960, mifumo ya kugawana muda, ukiwamo ule wa CTSS ulioanza kuoneshwa MIT nchini Marekani mwaka 1961, iliruhusu watu kadhaa kutumia mtambo mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na kifaa chake cha kuandikia. Kifaa hicho hakikuwa kompyuta. Kilipeleka herufi zilizobonyezwa na kuonesha herufi zilizorudi. Unix, iliyoanza kuandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969, ilirithi mtindo huo: mtumiaji anaandika amri fupi, mtambo unajibu kwa maandishi.

Terminali ya VT100 iliyotolewa na kampuni ya DEC mwaka 1978 iliweka kipimo ambacho bado kinaonekana hadi leo: safu 80 kwa mistari 24. Hesabu yake inafaa kuzingatiwa. Skrini nzima ilibeba herufi 1,920 tu. Yeyote anayeweza kupeleka na kupokea kiasi hicho kidogo cha maandishi anaweza, kimsingi, kuendesha mtambo wa ukubwa wowote. Hapo ndipo penye siri ya historia yote inayofuata. Nguvu ya mashine aliyonayo msimamizi haihusiani na nguvu ya mashine anayoisimamia, kwa kuwa amri husafiri na kazi hubaki ilipo.

Mwaka 1983 maduka ya Radio Shack nchini Marekani yalianza kuuza TRS-80 Model 100, iliyoundwa na kampuni ya Kyocera ya Japani. Ilikuwa na ukubwa wa daftari, uzito wa takriban kilo 1.4, na ilitumia betri nne ndogo za kawaida zilizoweza kudumu saa 20 hivi. Skrini yake ilionesha safu 40 kwa mistari minane, yaani herufi 320. Ndani yake mlikuwa na modemu ya kasi ya herufi zipatazo 30 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kujaza skrini ya VT100 kungechukua zaidi ya dakika moja, ilhali skrini yake yenyewe ilijaa kwa sekunde 11 hivi. Waandishi wa habari ndio waliovuma kwa kuipenda, kwani waliweza kutuma habari kupitia simu ya hotelini. Hata hivyo, mashine hiyo ilithibitisha jambo lililowahusu mafundi pia: mtu anaweza kubeba terminali mkobani na kuufikia mtambo kupitia laini ya simu.

3.0 Itifaki Kabla ya Mashine

Urahisi huo ulikuwa na kasoro kubwa. Itifaki ya Telnet, iliyokuwa njia ya kawaida ya kuingia katika mtambo wa mbali tangu enzi za ARPANET, ilisafirisha kila kitu wazi, nenosiri likiwamo. Yeyote aliyeweza kusikiliza mtandao aliweza kusoma. Wakati mtandao ulikuwa wa watafiti wachache waliofahamiana, kasoro hiyo ilivumilika. Intaneti ilipofunguliwa kwa umma katika miaka ya 1990, uvumilivu huo ulikwisha.

Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini ulivamiwa kwa njia hiyo hiyo ya kunasa manenosiri. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, aliandika programu iliyosimba mawasiliano yote baina ya msimamizi na seva, akaiita SSH na kuitoa bure mwezi Julai mwaka huo. Aliomba namba ya mlango, akapewa 22, iliyo katikati ya namba za itifaki mbili kongwe ilizokusudiwa kuzirithi: FTP yenye 21 na Telnet yenye 23. Mwishoni mwa mwaka huo watumiaji wake walikadiriwa kufika 20,000 katika nchi 50 hivi.

Muktadha wa kisiasa wa tukio hili una uzito kwa watunga sera. Wakati huo sheria za Marekani zilizuia usafirishaji wa programu zenye usimbaji fiche madhubuti, na vizuizi hivyo vililegezwa Januari 2000. Chombo ambacho dunia nzima ingekitegemea kulinda seva zake kilitoka Ufini. Toleo lake huria, OpenSSH, lilitolewa Desemba 1999 na mradi wa OpenBSD wenye makao nchini Kanada. Kwa taasisi za Afrika zilizokuwa zikijenga mitandao yao ya kwanza, jambo hili halikuwa dogo. Usalama uliotegemea programu huria uliweza kupatikana bila leseni, bila fedha za kigeni na bila kuomba ruhusa.

Kufikia mwisho wa karne ya ishirini, kwa hiyo, sehemu mbili kati ya tatu zilizohitajika zilikuwa tayari: mtindo wa kazi unaotegemea maandishi na itifaki salama ya kuyasafirisha. Iliyokosekana ilikuwa mashine ndogo ambayo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kuinunua. Kompyuta mpakato ndogo zilikuwapo, mathalani Libretto ya Toshiba iliyotoka mwaka 1996, lakini udogo wakati huo ulikuwa anasa. Kadiri mashine ilivyopungua ukubwa ndivyo bei ilivyopanda.

4.0 Mashine ya Mtoto Mikononi mwa Fundi

Uhusiano huo wa udogo na ughali ulivunjwa na mradi ambao haukuwafikiria wasimamizi wa mifumo hata kidogo. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza azma ya kutengeneza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi zinazoendelea. Mfano wake ulioneshwa Novemba mwaka huo mjini Tunis, katika Mkutano wa Kilele wa Dunia kuhusu Jamii ya Habari, mbele ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan. Mashine yenyewe, XO, ilianza kuzalishwa kwa wingi mwishoni mwa mwaka 2007 kwa gharama iliyokaribia dola 190. Bei iliyoahidiwa haikufikiwa. Hata hivyo, wazo lilikuwa limekwisha kuwashtua watengenezaji: palikuwa na soko chini ya ngazi waliyozoea kuuza.

Oktoba 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilianza kuuza Eee PC 701. Ilikuwa na uzito wa gramu 920 hivi, skrini ya inchi saba, kumbukumbu ya megabaiti 512, na hifadhi ya gigabaiti nne isiyo na diski inayozunguka. Ilikuja na mfumo endeshi wa Linux, na bei yake ilikuwa dola 400 au chini ya hapo. Mwaka uliofuata Intel ilitoa kichakataji cha Atom, na kampuni za Acer, HP, MSI na Dell zikaingia sokoni na mashine za aina hiyo.

Kwa mtu wa kawaida, sifa za Eee PC zilikuwa orodha ya upungufu. Kwa msimamizi wa mifumo zilisomeka vingine. Skrini yake ilikuwa na nukta 800 kwa 480. Herufi yenye upana wa nukta nane na kimo cha nukta 16 inaifanya skrini hiyo ibebe safu 100 kwa mistari 30, yaani VT100 nzima na nafasi ikabaki. Hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka ilistahimili mtikisiko wa safari. Linux iliyokuja nayo ilikuwa jamaa wa karibu wa mifumo iliyoendesha seva, kwa hiyo SSH na zana nyingine zilipatikana bila gharama. Bei nayo ilibadili mwenendo wa kazi: mashine iliyoweza kupotea au kuibwa bila kumfilisi mwenyewe ilibebwa mahali ambapo mashine ya dola 2,000 ilifichwa nyumbani.

Kipande cha mwisho kilikuwa modemu ndogo ya USB ya simu za mkononi. Huawei E220, iliyotoka mwaka 2006, ni mfano uliojulikana sana. Mashine, modemu na laini ya simu viliweza kutiwa katika mfuko mmoja. Kuanzia hapo zamu ya usiku haikuhitaji tena msimamizi alale ofisini. Lakini haikuhitaji pia kwamba aliye nyumbani ahesabiwe kuwa amepumzika. Unafuu wa mashine uliondoa mpaka kati ya kazi na mapumziko, na gharama ya mabadiliko hayo mara nyingi ilibebwa na msimamizi mwenyewe.

5.0 Afrika Mashariki: Umbali Usio wa Hiari

Katika nchi zilizotajwa hadi hapa usimamizi wa mbali ulikuwa suala la nafuu. Katika Afrika Mashariki ulianza kama suala la lazima. Jina la kikoa la Kenya, .ke, ni ushahidi mzuri. Lilipokabidhiwa mwaka 1993, msimamizi wake wa kiutawala alikuwa Dkt. Shem Ochuodho wa Kenya, na msimamizi wa kiufundi alikuwa Randy Bush aliyekuwa Marekani. Kwa takriban muongo mmoja kitambulisho cha nchi katika intaneti kiliendeshwa kwa kujitolea na kwa sehemu kutoka bara jingine, hadi kilipohamishiwa KENIC, taasisi ya ndani, mwishoni mwa mwaka 2002.

Umbali huo ulikuwa na umbo la kimaumbile. Kabla ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini wa intaneti, na sehemu kubwa ya mawasiliano ya nje ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Herufi moja iliyobonyezwa Dodoma kuelekea seva ya Ulaya ilipanda na kushuka, na jibu lake likapanda na kushuka tena: zaidi ya kilomita 143,000. Kwa kasi ya mwanga, safari hiyo inachukua karibu nusu sekunde hata kama mitambo yote njiani haina msongamano. Msimamizi aliandika amri na kungoja kuiona ikitokea herufi kwa herufi.

Katika mazingira hayo, kiolesura cha picha na madirisha kilikuwa anasa isiyotumika, na mstari wa amri ulikuwa njia pekee yenye maana. Ujuzi ulioonekana wa kizamani kwingineko ulikuwa hapa ujuzi wa kuokoka. Ndiyo sababu mafunzo ya AfNOG, jukwaa la waendeshaji wa mitandao wa Afrika lililoanza Cape Town mwaka 2000 na baadaye kukutana Nairobi, Kigali na Dar es Salaam miongoni mwa miji mingine, yaliwakazania washiriki kuandika amri kwa mikono yao katika mifumo ya aina ya Unix. Mtu aliyefunzwa hivyo hakutegemea aina ya mashine aliyonayo.

SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009, ikifuatiwa na TEAMS iliyounganisha Mombasa na Fujairah mwaka huo huo na EASSy mwaka 2010, nusu sekunde hiyo ilipungua mno. Mkongo wa kilomita 5,000 hivi hupitisha mwanga kwenda na kurudi kwa takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mikongo ilifika wakati netibuku, kama kompyuta hizo ndogo zilivyoitwa sokoni, zilikuwa kileleni mwa mauzo yake duniani. Wasimamizi wa eneo hili walipata kwa pamoja vitu viwili ambavyo wenzao wa Ulaya walivipata kwa nyakati tofauti: njia ya haraka na mashine ya bei ndogo.

Umbali haukutoweka, bali ulibadili sura. M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Kenya Machi 2007 na ambayo muda si mrefu ilibeba sehemu kubwa ya malipo ya nchi, iliendeshwa kwa mitambo iliyokuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa miaka minane mama wa soko la Gikomba aliyemlipa mwenzake aliye hatua kumi kutoka kwake alipitisha malipo hayo Ulaya. Kiufundi jambo hilo liliwezekana na lilifanya kazi. Kisera lilizua swali ambalo unafuu wa mashine hauwezi kulijibu: mtambo wa taifa ukiwa mbali, ni nani mwenye amri juu yake, na chini ya sheria ya nchi gani?

6.0 Lugha ya Amri

Historia hii ina upande wa lugha usiopaswa kuachwa. Istilahi ya kompyuta mpakato inatokana na kitenzi pakata, kuweka kitu au mtoto mapajani. Ni istilahi iliyofaulu kwa sababu inaeleza tendo linaloonekana, na imeishi bega kwa bega na tarakilishi inayopendwa zaidi na baadhi ya waandishi wa Kenya. Kuhusu programu zenyewe, mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004. Ilikuwa hatua kubwa: mtumiaji wa ofisini aliweza kuandika barua na kupiga hesabu kwa menyu za Kiswahili, na kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo wa programu ulikuwa huria.

Tafsiri hiyo iliishia kwenye madirisha ya mtumiaji. Haikushuka hadi kwa msimamizi. Amri za Unix zilibaki vifupisho vya Kiingereza, na hilo si tatizo kubwa lenyewe, kwani vifupisho hivyo ni alama ambazo hata Mwingereza hujifunza upya. Tatizo liko katika maelezo yanayozizunguka: miongozo, taarifa za hitilafu, kumbukumbu za matukio na taratibu za dharura. Fundi wa Kigoma au Bujumbura hujadiliana na mwenzake kwa Kiswahili kwenye simu, kisha huandika taarifa ya tukio kwa Kiingereza au Kifaransa. Kinachopotea katika mpito huo ni sababu ya uamuzi, yaani kile hasa ambacho mrithi wake atahitaji kukijua.

7.0 Mashine Ndogo, Hatari Kubwa

Mashine inayobebeka kirahisi hupotea kirahisi. Kompyuta ya dola 300 inaweza kubeba ufunguo wa mifumo yenye thamani ya mamilioni. SSH huwezesha msimamizi kuingia kwa jozi ya funguo badala ya nenosiri: ufunguo wa umma hukaa kwenye seva, ufunguo binafsi hukaa kwenye kompyuta yake. Utaratibu huo ni salama mradi ufunguo binafsi ulindwe kwa fumbo na usajiliwe mahali panapojulikana. Bila masharti hayo, mwizi wa mkoba katika kituo cha mabasi anaondoka na zaidi ya anachokijua.

Matukio mawili yanaonesha kwamba hatari haiko kwenye mashine iliyopotea pekee. Mnamo Mei 2008, wakati netibuku zenye Linux zilikuwa zikienea, ilitangazwa kwamba marekebisho yaliyofanywa mwaka 2006 katika mfumo wa Debian yalikuwa yameharibu chanzo cha unasibu wa kuzalisha funguo. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, idadi iliyowezekana katika aina moja ya mtambo ilishuka hadi 32,768, kiasi ambacho kompyuta hafifu inaweza kukijaribu chote. Dosari hiyo ilirithiwa na Ubuntu, na wasimamizi duniani kote walilazimika kusaka na kubadili funguo zao. Taasisi zilizokuwa na orodha ya funguo zilimaliza kazi mapema. Zisizokuwa nayo hazikuwa na njia ya kujua kama zimemaliza.

Tukio la pili ni la Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliona kwamba kuingia kwa SSH katika mashine aliyokuwa akiifanyia majaribio kulichelewa kwa karibu nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri uliopandikizwa katika maktaba ya programu iitwayo xz. Inafaa kukumbuka kwamba nusu sekunde ndiyo iliyokuwa hali ya kawaida ya msimamizi wa Afrika Mashariki katika enzi za setilaiti. Ucheleweshaji huo huo ulikuwa adha katika zama moja na king'ora katika nyingine. Ulinzi ulitokana na mtu aliyeufahamu mwenendo wa kawaida wa mfumo wake kiasi cha kushtuka ulipobadilika.

8.0 Kutoweka kwa Jina, Kubaki kwa Mtindo

Netibuku hazikudumu sokoni. iPad ilitoka Aprili 2010, kompyuta mpakato za kawaida zikashuka bei, na kufikia mwanzo wa mwaka 2013 Asus na Acer, waliokuwa vinara, walikuwa wameacha kuzitengeneza. Lakini mtindo wa kazi uliozipa thamani haukuondoka. Chromebook za kwanza ziliuzwa mwaka 2011. Mwaka 2012 iliingia sokoni Raspberry Pi, kompyuta ya bamba moja ambayo nayo ilibuniwa kwa ajili ya kufundishia watoto na ambayo nayo ilichukuliwa na mafundi. Mwaka huo huo watafiti wa MIT walitoa Mosh, programu inayoonesha herufi papo hapo bila kungoja jibu la seva na inayohimili kukatika na kubadilika kwa mtandao. Janga la UVIKO-19 lilipofunga ofisi mwaka 2020, kazi ya usimamizi wa seva ilikuwa miongoni mwa zile zilizohama nyumbani kwa shida ndogo zaidi, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuhama zamani.

Thamani ya njia nyembamba ya maandishi ilionekana tena tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki na huduma kuzorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Katika hali kama hiyo mikutano ya video hufa kwanza, kurasa nzito hufuata, na kikao cha maandishi cha msimamizi hudumu muda mrefu kuliko vyote kwa kuwa kinahitaji kidogo kuliko vyote.

9.0 Mafunzo kwa Sera

Historia hii inatoa mafunzo manne. La kwanza linahusu manunuzi. Rwanda iligawa zaidi ya kompyuta 200,000 za XO shuleni kuanzia mwaka 2008, na Kenya, baada ya ahadi ya mwaka 2013, ilianza kusambaza vifaa vya wanafunzi mwaka 2016. Mipango ya aina hiyo huhesabiwa kwa idadi ya mashine. Lakini kila mashine iliyounganishwa huongeza kazi kwa msimamizi aliye mahali fulani, na nafasi ya msimamizi huyo ni nadra kuonekana katika bajeti. Kasma ya wasimamizi na mafunzo yao inapaswa kuandikwa katika mpango ule ule wa ununuzi, na si kuachiwa mwaka wa fedha unaofuata.

La pili linahusu njia ya akiba. Mifumo ya umma inayosimamiwa kwa kiolesura kizito peke yake itakuwa haifikiki siku mkongo utakapokatika. Sharti la mfumo kuweza kuendeshwa kwa mstari wa amri kupitia njia dhaifu liwe sehemu ya masharti ya zabuni.

La tatu linahusu funguo. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinaelekeza jinsi taarifa zinavyotunzwa, lakini utekelezaji wake unategemea jambo dogo la kila siku: kujua ni ufunguo wa nani unaofungua seva ipi, na kuufuta siku mwenye nao anapoacha kazi. Rejesta ya funguo haina gharama ya vifaa. Inahitaji nidhamu ya kiutawala.

La nne linahusu lugha. Taratibu za dharura na taarifa za matukio ziandikwe pia katika lugha ambayo mafundi huitumia wanaposhauriana. Vyombo vya kukuza Kiswahili na idara za TEHAMA vina kazi ya pamoja hapa, na kazi hiyo ianzie kwenye mazungumzo halisi ya mafundi.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kompyuta mpakato ndogo ilitosha kwa kazi kubwa kwa sababu kazi haikuwa imo ndani yake. Ilitanguliwa na mtindo wa maandishi wa miaka ya 1960 na itifaki ya mwaka 1995, na ilipatikana kwa bei nafuu kutokana na mradi uliokusudiwa watoto. Afrika Mashariki iliufahamu usimamizi wa mbali mapema na kwa lazima, kwanza kama upande unaosimamiwa kutoka nje, kisha kama upande wenye wasimamizi wake. Safari ya .ke kutoka mikono ya watu waliojitolea hadi KENIC, na ya M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya, inaonesha mwelekeo huo.

Fimbo ya mbali, basi, imejifunza kuua nyoka. Kwa hiyo swali linalobaki mbele ya watafiti na washauri wa sera halihusu tena urefu wa fimbo wala bei yake. Linahusu mkono ulioishika, mafunzo ya mwenye mkono huo, na uwezo wa taasisi kumtaja kwa jina siku itakapohitajika.